Ruwaza ipi, testi ipi: ulinganisho kwa mtengeneza gemu

Watengeneza gemu wa huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kupanda juu Kakamega, huingia kazini kwa milango miwili. Kuna waliosomea programu chuoni au waliowahi kushika mifumo ya malipo na tovuti. Hao huja na ruwaza za usanifu kichwani (njia zinazojulikana za kupanga msimbo) na hawalali bila testi (msimbo mdogo unaopima msimbo mwingine). Kuna na waliojifunza kwa video za YouTube ndani ya Unity au Godot, injini za kutengenezea gemu. Hao huburuta kitu kwenye skrini, wakakibandika msimbo, kikitembea basi. Wakiwekwa kwenye timu moja, wiki ya kwanza huisha kwa ubishi: mmoja anataka kila klasi (kipande cha msimbo) iwe na kiolesura chake (orodha ya inachoweza kufanya), mwenzake anauliza gemu yenyewe iko wapi.

Kila mmoja ana nusu ya haki. Kipimo ninachokitumia kuwaamulia ni kimoja: ruwaza inafaa kwenye gemu ndogo ikiwa inakuwezesha kupima sheria za mchezo bila kufungua skrini. Kama haisaidii hapo, na haiongezi kasi kwenye simu, ngoja hadi siku utakapoihitaji. Ruwaza na testi nazichagua pamoja, kwa sababu ruwaza nyingi za gemu hazina faida inayoonekana mpaka ujaribu kuandika testi.

Ili tusibishane hewani, nitalinganisha kwa gemu tatu za kubuni. Ya kwanza ni bao la kete la simu, watu wawili wakicheza kwa zamu. Ya pili ni mbio za bodaboda kutoka Kondele hadi Dunga, hapa Kisumu. Ya tatu ni uvuvi wa omena usiku ziwani, taa zikivuta samaki kwa maelfu. Hizi tatu hazifanani hata kidogo ndani, na ndiyo maana ushauri mmoja hauzitoshi.

Bendera nyingi au mashine ya hali

Njia ya haraka ya kukumbuka mchezo umefika wapi ni kuweka bendera za ndiyo na hapana: anaendesha, ameanguka, amesimama, anapakia abiria, ameishiwa mafuta. Bendera tano huzaa michanganyiko 32, na mingi kati ya hiyo haina maana, kama mwendeshaji aliyeanguka huku akipakia abiria. Hakuna aliyeuandikia msimbo mchanganyiko huo, lakini mchezaji ataufikia tu, kwa kubonyeza vitufe viwili kwa mpigo.

Mashine ya hali inakataa hayo tangu mwanzo. Kwa wakati wowote uko katika hali moja, na kila hali inajua inaweza kuhamia wapi. Mizimu ya Pac-Man, gemu ya Namco ya mwaka 1980, ndiyo mfano unaoeleweka na kila mtu: mzimu anamfukuza mchezaji, au anarudi kwenye kona yake, au ameingiwa na hofu na kugeuka buluu, au ameliwa na yamebaki macho yanayokimbilia nyumbani. Ukiitazama gemu hiyo kwa dakika tano unaweza kuichora mashine yake kwenye karatasi.

Kwenye bao faida ni kubwa zaidi, maana mchezo wenyewe umegawanyika hivyo tangu kale. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba (shimo lake maalumu), na 22 mkononi. Kete za mkononi zikiwa bado zipo, mchezo uko kwenye namua; zikiisha, unaingia kwenye mtaji. Ndani ya kila hatua kuna kula na kuna kutakata (kusambaza kete bila kula), na mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kutakata. Halafu nyumba ina mambo yake: kete ya mwisho ikiangukia humo, kuna wakati mchezaji ana hiari ya kulala (kuishia hapo) au kwenda safari (kuendelea kusambaza). Ukiandika yote haya kwa bendera, baada ya mwezi hutajua ni ipi inayomzuia nani. Ukiyaandika kama hali, testi yake ni sentensi moja: weka ubao huu, cheza shimo hili, hali inayofuata iwe hii.

Kwa mlango unaofunguka na kufungika, bendera moja yatosha. Mtu akikuletea klasi nne kwa ajili ya mlango, mrudishie.

Singletoni, kupitisha mkononi, au ishara

Kuna vitu ambavyo kila kona ya gemu huvitaka: alama, sauti, saa, hifadhi ya mchezo. Mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu walipochapisha orodha yao ya ruwaza 23, singletoni ilikuwemo: kitu kimoja tu, kinachofikiwa kutoka popote. Kwenye Godot huipata kwa autoloadi (kitu kinachopakiwa gemu inapoanza), kwenye Unity kwa kitu kisichofutwa unapobadilisha sini (ukurasa mmoja wa gemu na vitu vyake). Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaoleta deni.

Deni hulipwa siku ya testi. Testi ya kwanza inaongeza alama 50 na kumaliza. Ya pili inategemea kuanza na sifuri, inakuta 50. Ukizipanga upya zote zinapita, ukizirudisha zinafeli, na wewe unaanza kuilaumu injini.

Njia ya pili ni kupitisha mkononi. Klasi ya mbio ikizaliwa inapewa saa yake, alama zake na chanzo chake cha bahati nasibu. Kwenye gemu halisi unaipa saa ya kweli. Kwenye testi unaipa saa ya uongo unayoisogeza mwenyewe, na namba za bahati unazozijua. Msimbo unarefuka kidogo, na mwenzako wa YouTube atalalamika. Mvumilie, ataelewa siku mtakapotafuta kosa linalotokea dakika ya tisa ya mbio na nyinyi mkaweza kuifikia dakika ya tisa kwa kufumba na kufumbua.

Ya tatu ni ishara, ile ambayo vitabu huiita ruwaza ya mtazamaji. Bodaboda inapogonga shimo la barabarani inatangaza tu: nimegonga. Sauti inasikia na kulia, skrini inasikia na kutikisika, alama zinasikia na kupungua. Bodaboda yenyewe haiwajui wote hao. Godot imejengwa juu ya ishara, na C#, lugha ya Unity, ina matukio yake ndani ya lugha, kwa hiyo huhitaji kubuni kitu. Kwenye testi unasikiliza ishara, unaendesha pikipiki juu ya shimo, unahesabu imetangazwa mara ngapi. Inatakiwa mara moja, si mara moja kwa kila fremu (picha moja ya skrini) gurudumu likiwa bado ndani ya shimo, na kosa hilo la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Ubaya wa ishara ni kwamba zikiwa nyingi hujui nani anamwamsha nani. Kwenye C# kuna na hatari ya ziada: msikilizaji asipojiondoa kwenye orodha, kitu ulichodhani kimekufa kinaendelea kuitwa na kushikilia kumbukumbu. Godot huzikata ishara zenyewe kitu kinapofutwa.

Mimi hugawa hivi. Singletoni naiachia sauti na vitu vingine ambavyo sheria za mchezo hazivisomi. Saa, bahati nasibu na alama hupitishwa mkononi. Ishara zinatoka kwenye sheria kwenda kwenye skrini, basi. Skrini ikitaka kusema kitu kwa sheria, itumie amri.

Amri, na kwa nini ningeianza hii

Kwa kawaida kitufe kinaita moja kwa moja fankisheni ya kucheza. Kwa ruwaza ya amri, kitufe kinatoa kitu kidogo chenye maelezo tu: mchezaji wa kwanza, shimo la tano, kushoto. Sheria zinakipokea kitu hicho, zinakikagua, kisha zinakitekeleza. Inaonekana kama kuzunguka mlima bure, lakini angalia unachopata. Kuhifadhi mchezo ni kuhifadhi orodha ya amri. Kurudi nyuma hatua moja ni kucheza orodha upya bila ya mwisho. Kucheza na mtu aliye Eldoret ni kumtumia amri badala ya ubao mzima, na bando lake litadumu. Kompyuta ikicheza badala ya mtu inatoa amri zile zile, kwa hiyo haiwezi kudanganya.

Testi ndipo amri inapong'aa. Doom, gemu ya id Software iliyotoka Desemba 1993, ilikuwa na demo zinazojicheza zenyewe, na hazikuwa video. Faili lilibeba vitendo vya mchezaji kwa kila hatua, hatua 35 kwa sekunde, na injini ikazicheza tena kuanzia mwanzo. Iliwezekana kwa sababu hesabu zake hazikutumia namba za nukta inayoelea (desimali ambazo kompyuta huzikadiria), na bahati nasibu ilitoka kwenye jedwali la namba 256 zilizopangwa tangu awali. Vitendo vile vile vilileta mchezo ule ule, kila mara.

Lifanyie bao lako hivyo. Waombe wazee wanaolijua wacheze kwenye simu yako, hifadhi orodha ya amri za kila mchezo pamoja na ubao ulivyoishia. Kuanzia hapo kila ukibadilisha msimbo unazicheza zote upya, na ubao wa mwisho lazima ufanane. Ukigusa sheria ya nyumba na michezo mitatu ikaishia tofauti, unajua umevunja nini kabla mtu hajakupigia simu. Ujue pia mpaka wake: ukibadilisha sheria kwa makusudi, rekodi za zamani zinapotoka. Demo za Doom nazo zilifungamana na toleo lililozirekodi. Kwa hiyo weka rekodi chache zenye maana, zile zenye safari ndefu, kula mfululizo, na mwisho wa mchezo.

Na kwa kuwa wazee wa pwani na wa huku ziwani wanaocheza ajua, mchezo mwingine wa kete na mashimo, hawafuati sheria zile zile, tenga sheria kwenye kitu chake kinachobadilishika. Amri ni zile, sheria na umbo la ubao vinaingizwa kutoka nje. Hiyo nayo ina jina lake, ruwaza ya mkakati, lakini hata usipoijua kwa jina utaifikia mwenyewe ukishaulizwa mara ya pili kwa nini gemu yako haichezi ajua.

Kwenye mbio za bodaboda amri husaidia kwa kiasi. Fizikia iliyomo ndani ya injini haikuahidi matokeo yale yale kwenye simu mbili tofauti. Rekodi ya mbio iliyoishia mstari wa mwisho kwenye laptopu yako inaweza kuishia mtaroni kwenye simu ya jirani. Ukitaka rekodi ziaminike, andika mwendo wako mwenyewe kwa namba kamili. Kwa gemu ya vijana wawili sidhani kama kazi hiyo inalipa.

Urithi au vijenzi

Darasani tulifundishwa kwa mti: chombo, chini yake chombo cha barabarani na chombo cha majini, chini yake bodaboda na mtumbwi. Mti unapendeza hadi kiboko atoke ziwani Dunga na kupanda barabarani. Yuko tawi gani? Ukimrithisha kote kote, C# inakataa urithi wa klasi mbili. Ukipandisha msimbo wa kuogelea hadi kwenye shina, bodaboda nayo imejua kuogelea.

Vijenzi vinamaliza ubishi huo. Kiboko ana kijenzi cha kutembea, kijenzi cha kuogelea na kijenzi cha kudhuru. Bodaboda ina cha kutembea na cha kubeba. Unity na Godot zote zinakusukuma huko, moja kwa vijenzi vyenyewe, nyingine kwa nodi (vipande vya gemu) zinazobebana. Testi nayo inakuwa ndogo, maana kijenzi cha kudhuru kinapimwa peke yake bila kumjenga kiboko mzima.

Kuna hatua ya mbali zaidi, ambapo data zote za aina moja hupangwa pamoja kwenye safu ndefu za kumbukumbu, na mfumo mmoja ukazipitia kwa mkupuo. Watu huiingiza kwenye bao, nami hubaki nikishangaa. Gemu ya omena ndiyo inayoihitaji. Samaki elfu tano, kila mmoja akiwa nodi yenye msimbo wake, ni mzigo ambao simu ya bei nafuu haiuwezi. Samaki elfu tano kama safu ya mahali na safu ya kasi ni hesabu ambayo prosesa huipitia bila kurukaruka kumbukumbuni. Kama kundi la vitu vyako halifiki mamia, usijisumbue.

Kutumia tena vitu

Kwa ufupi: badala ya kuumba na kufuta kila chembe ya vumbi nyuma ya gurudumu, unakuwa na akiba ya chembe unazoziwasha na kuzizima. Kwenye Unity ina maana, kwa sababu C# ina mkusanya taka (kifagio cha kumbukumbu isiyotumika tena) anayeweza kusimamisha mchezo katikati ya fremu, na tangu toleo la 2021 injini imeleta klasi ya akiba iliyo tayari. GDScript, lugha ya Godot, haina mkusanya taka wa namna hiyo, kwa hiyo mara nyingi unaongeza msimbo bila kupata kitu. Pima kwanza kwenye simu halisi. Fremu 60 kwa sekunde zinakuachia milisekunde 16.7 kwa kila moja, na fremu 30 zinakuachia 33.3. Ukiwa ndani ya hizo bila akiba, endelea na kazi nyingine.

Testi ya kipande, ya kurudia, au mtu mwenye simu

Vyombo vipo na havigharimu. Godot ina nyongeza iitwayo GUT. Unity ina mfumo wake wa testi uliojengwa juu ya NUnit, wenye testi za ndani ya kihariri na testi za mchezo ukiwa unaendeshwa. Zote mbili zinaweza kuendeshwa bila dirisha, Godot 4 kwa kuongeza `--headless` na Unity kwa `-batchmode`. Hata laptopu ya zamani inatosha, na hakuna bando linaloliwa.

Testi ya kipande ni ya sheria na hesabu. Upesi wake ndio unaoipa thamani: mamia ya testi za bao hukamilika kabla hujanyanyua kikombe, ilimradi sheria ziko kwenye klasi za kawaida, mbali na nodi na sini. Ukiziweka ndani ya MonoBehaviour (klasi ya Unity inayotegemea injini), kila testi itataka injini iamke, na utaacha kuziendesha.

Testi ya bao ninayoipenda kuliko zote haijui hata sheria. Cheza hatua za bahati nasibu, maelfu, na baada ya kila moja hesabu kete zote za ubaoni na za mikononi. Ziwe 64. Zikiwa 63 kuna mahali kete imedondoka, zikiwa 65 kuna mahali imezaliwa. Testi hiyo moja inanasa makosa ambayo usingeyafikiria kuyaandikia testi. Ongeza na ya pili: kuna mipangilio ya bao ambapo kete zikianza kutembea hazilali kamwe. Msimbo wako ukizungusha hadi ilale, simu itaganda. Weka kikomo cha mizunguko, amua gemu ifanye nini ikikifikia, kisha uandike testi inayothibitisha kwamba inafanya hivyo.

Mipaka nayo isisahaulike. Pac-Man niliyoitaja juu ilihifadhi namba ya kiwango kwenye baiti moja, na baiti haivuki 255. Waliofika kiwango cha 256 walikuta nusu ya kulia ya skrini imejaa takataka, kwa sababu sehemu ya kuchora matunda ilipotea hesabu. Testi ya mstari mmoja ingetosha. Kwenye gemu yako mipaka ni alama za juu kabisa, sekunde sifuri, mafuta yakiwa sifuri kamili, na jina la mchezaji lenye herufi 40.

Kwenye mbio za bodaboda testi muhimu kuliko zote ni ya fremu. Ukisogeza pikipiki kwa kiasi kile kile kila fremu bila kuzidisha na muda uliopita, simu ya fremu 30 itaenda nusu ya mwendo wa simu ya fremu 60, na mwenye simu ya bei nafuu atadhani gemu imemchukia. Andika testi inayoendesha sekunde moja kwa hatua 30, kisha kwa hatua 60, ilinganishe umbali. Lakini usidai ulingane kabisa. Pikipiki inayoanza kusimama na kuongeza kasi mita 4 kwa sekunde kila sekunde inatakiwa kwenda mita 2. Kwa hesabu ya kawaida ya gemu, kasi kwanza halafu mahali, utapata karibu mita 2.07 kwa hatua 30 na 2.03 kwa hatua 60. Weka ustahimilivu wa asilimia chache. Testi inayodai usawa kamili itafeli bila kosa lolote, na baada ya wiki mtaizima.

Testi ya kurudia nimeieleza kwenye amri. Inakaa katikati: pana kuliko ya kipande, nzito kidogo, na ikifeli haikuambii kosa liko mstari gani.

Halafu kuna mtu mwenye simu, ambaye hakuna msimbo unaoweza kumrithi. Mpelekee mwendeshaji wa boda pale steji gemu ya bodaboda, kisha ukae kimya. Usimwelekeze. Angalia kidole gumba kinakwenda wapi kabla ya kufika kwenye kitufe ulichokichora. Peleka gemu ya omena Dunga saa saba mchana, utagundua kwamba ziwa lako la usiku, jeusi juu ya jeusi, halionekani kabisa kwenye jua. Testi elfu moja zingepita zote na gemu isingechezeka. Mtu huyo huyo atapigiwa simu katikati ya mbio. Gemu itasimamishwa, na Android ina ruhusa ya kuiua ikiwa nyuma ikitaka kumbukumbu.

Hapo testi ya kipande inarudi kazini. Ukishaona tatizo kwa mtu, liandikie testi ili lisirudi: ita fankisheni ya kusimamishwa, funga, fungua tena, hakikisha mbio iko pale pale. Hifadhi iandikwe kwenye faili la pembeni kwanza, kisha ibadilishwe jina, ili betri ikikata katikati ya kuandika faili la zamani libaki zima. Iandikie testi inayokata uandishi katikati. Wengi huacha hii hadi siku mchezaji aliyefika mbali anapopoteza kila kitu, na mchezaji wa namna hiyo hafungui gemu yako tena.

Kwa gemu zetu tatu, ningepanga hivi:

| Gemu | Ruwaza za kuanza nazo | Testi zinazolipa | Za kuacha kwanza |
|---|---|---|---|
| Bao la kete | Amri, mashine ya hali, sheria zinazobadilishika | Kete 64, hatua za bahati nasibu, rekodi za wazee | Akiba ya vitu, safu za data |
| Mbio za bodaboda | Vijenzi, ishara, mashine ya hali kwa mwendeshaji | Fremu 30 na 60, hifadhi na simu inayoingia. Watu wengi mapema | Rekodi za fizikia |
| Uvuvi wa omena | Safu za data kwa samaki, ishara kwa skrini | Vipimo vya muda kwenye simu dhaifu, watu juani | Nodi kwa kila samaki, amri kwa kila kitu |

Ukitazama safu ya testi, bao linajipima kwa sehemu kubwa peke yake na bodaboda inahitaji watu. Ndiyo maana kama wewe uko peke yako, unatoka kwenye mifumo ya malipo na hupendi kuwasumbua watu steji, ningekushauri bao. Kama mmekuwa wawili, mmoja akiwa wa YouTube mwenye jicho la mwendo, bodaboda itawapa kazi nyote: wewe shika saa, fremu na hifadhi, yeye ashike pikipiki inavyoinama kwenye kona, na msiguse faili za mwenzako bila kuulizana. Omena isiwe gemu ya kwanza ya mtu yeyote.

Kwenye mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya saa 48 hesabu inabadilika. Singletoni ruksa, bendera ruksa, testi hakuna, isipokuwa mkichagua mchezo wa sheria kama bao au karata. Hapo andikeni ile ya kuhesabu kete ndani ya saa ya kwanza, kwa sababu saa ya arobaini hakuna kati yenu atakayekuwa na macho ya kuziona zikipotea.